Kwa nini kidole cha roboti yako kinajikunja kama ndoana

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni fundi simu hapa Mtwara mjini, nina miaka 23. Nina printa ndogo ya 3D na kwa miezi miwili nimekuwa nikichapa mkono wa roboti kwa plastiki ya PLA. Viungo vya vidole nimechora mwenyewe, ni bawaba zenye pini za kuchapa. Uzi ni mshipi wa nailoni, na servo za SG90, zile mota ndogo zinazozunguka hadi pembe unayoziagiza, nimezipanga kwenye kigasha. Shida zangu: ncha ya kidole inakunja kwanza, kidole kinakuwa kama ndoana. Nikiachia hakirudi. Kinayumba huku na huku. Na hata kikitulia hakifanani na cha mtu, kinafanana na cha sanamu la duka la nguo. Nataka mtu akiuona mkono unajikunja ashtuke. Nianzie wapi? Na je, nikimaliza naweza kumvalisha mtoto wa jirani yetu aliyekatwa mkono?"

Marahaba, mwanangu. Umeandika shida nne, lakini mimi nazisoma kama moja. Ulianza na ganda la kidole, ukachonga bawaba, na mwisho kabisa ukatafuta pa kupitisha uzi. Uzi ukapita palipobaki nafasi. Sasa uzi ndio bwana wa kidole. Unapopita ndipo panapoamua pingili ipi itangulie, itakuwa na nguvu kiasi gani, na kama itarudi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza utakuudhi kidogo: weka vidole vinne kando, ubaki na kimoja, cha shahada, ukae nacho wiki mbili. Kichore upya kuanzia kwenye uzi kwenda nje. Ganda litafuata.

Kabla hujafungua kompyuta, shika kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, halafu chezesha vidole kama unayepiga kinanda. Unachosikia kikitembea chini ya ngozi ndiyo mota zako. Ndani ya vidole vyenyewe hamna msuli wa kukunja. Misuli mikubwa imekaa kwenye kigasha, midogo imekaa kiganjani, na yote huvuta kano zinazokatiza juu ya viungo. Ulipopanga servo kwenye kigasha ulifuata maumbile, pengine bila kujua. Atakayekushauri uzihamishie kiganjani ili uzi uwe mfupi, mshukuru na uendelee na yako.

Kano hiyo ya kukunja haiachwi ielee. Kila kidole, ukiacha gumba, kina mikanda midogo mitano ya pete inayoikumbatia kano dhidi ya mfupa, kama ukanda wa malapa unavyoukumbatia mguu. Mikanda mikuu ikikatika, kano hujitenga na mfupa kama uzi wa upinde, na mtu akikunja ngumi inaishia nusu. Kwenye kidole chako kazi ya mikanda inafanywa na vitundu unavyopitishia uzi. Hapo ndipo ulipokosea.

Chukua kalipa upime umbali kutoka katikati ya pini hadi kwenye uzi, kiungo kwa kiungo. Nina hakika utakuta umbali ni uleule kwenye viungo vyote vitatu, kwa sababu ulichora mfereji mmoja ulionyooka. Umbali huo unafanya kazi kama umbali wa mkono wako kutoka kwenye bawaba ya mlango. Ukisukuma karibu na bawaba unahangaika, ukisukuma kwenye kitasa mlango unafunguka wenyewe. Uzi unavuta viungo vyote kwa mkazo uleule. Kiungo cha ncha hakibebi chochote zaidi ya ncha yenyewe, ilhali cha konzi, kile kifundo kikubwa cha mwanzo wa kidole ukikunja ngumi, kinabeba kidole kizima. Ukivipa umbali sawa, ncha itashinda kila mara. Na kidole kinachotangulia kukunja ncha hakishiki kitu. Kikombe kinasukumwa nje kabla kidole hakijakizunguka.

Anza na milimita 8 kwenye konzi, 6 kwenye kiungo cha kati, 4 kwenye kiungo cha ncha. Hesabu ya uzi utakaovutwa ni umbali huo mara pembe, pembe ikiwa kwa radiani. Konzi ikikunja digrii 90, ambazo ni radiani 1.57, ni 8 mara 1.57, yaani milimita 12.6. Kiungo cha kati kikikunja digrii 100 ni milimita 10.5. Ncha ikikunja digrii 60 ni milimita 4.2. Jumla ni milimita 27 na kidogo. Kapi ya servo yenye nusu kipenyo cha milimita 9, ikizunguka nusu duara, inavuta milimita 28. Umeshapata ukubwa wa kapi bila kubahatisha.

Mpira wa kurudishia upite mgongoni mwa kidole, na ukate vipande vitatu, kila kiungo na chake. Ukitumia mpira mmoja mrefu kutoka ncha hadi kiganja utarudi palepale tulipotoka. Mimi hutumia tyubu ya baiskeli iliyokufa. Kipande chembamba konzini, kipana zaidi kwenye kiungo cha kati, na kipana kuliko vyote nchani. Ncha ikiwa na ukaidi kidogo, konzi itaanza, kiungo cha kati kitajiunga, ncha itamalizia. Jaribu sasa hivi kukunja ncha ya kidole chako cha shahada bila kukunja kiungo cha kati. Watu wengi hawawezi, kwa sababu viungo hivyo viwili vimeunganishwa kwa kano za mgongoni. Mtazamaji hajui hilo kwa maneno, ila jicho lake linajua, ndiyo maana ndoana yako inamkera. Ukishindwa kabisa na kiungo cha ncha, kifute. Unganisha pingili mbili za mwisho ziwe kipande kimoja kilichopinda kama digrii 20. Mikono mingi ya bandia inayovaliwa imejengwa hivyo, na wengi hawagundui hadi waambiwe.

Tuje kwenye kuyumba. Pini ya kuchapa itupe. Pini iliyochapwa ikiwa imesimama hukatika kwenye mistari ya tabaka, na iliyolazwa haiwi duara kamili. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote akupe spoki mbovu. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, imenyooka, ni chuma, na moja inatoa pini za mkono mzima. Kisha chapa kibao kidogo chenye matundu ya milimita 2.0, 2.1, 2.2, 2.3 na 2.4, ujaribu spoki katika kila tundu. Tundu ambalo spoki inaingia kwa kugongwa kidogo, litumie kwenye masikio mawili ya nje ya bawaba. Lile ambalo spoki inazunguka bila kucheza, litumie kwenye ulimi wa katikati. Usichukue namba za mtu mwingine, hata zangu. Printa yako ina tabia zake, na tundu likichapwa karibu kila mara hutoka dogo kuliko lilivyochorwa.

Upana wa ulimi nao una neno. Tuseme ulimi una milimita 6 na nafasi ya kucheza ni 0.2. Kidole chenye milimita 90 kutoka konzi hadi ncha kitayumba milimita 3 kwenye ncha, na hiyo ni konzi peke yake. Ukiupanua ulimi wa konzi hadi milimita 12, kuyumba kunapungua nusu bila kubadilisha kitu kingine. Nafasi inayobaki pembeni izibe kwa washa nyembamba za plastiki ya chupa ya maji. Zikate kwa mkasi, utoboe kwa spoki iliyopashwa moto.

Kila pingili ichape ikiwa imelala ubavu, tundu la pini likitazama juu. Hapo tundu linatoka duara, na tabaka zinakwenda kwa urefu wa kidole, upande ule uzi unakovuta. Mimi huipasua pingili katikati kwenye mchoro, kushoto na kulia, nikachapa nusu mbili na kuzifunga kwa skrubu mbili ndogo. Masikio yatahitaji nguzo chini yake, zing'oe kwa kisu. Faida ya kupasua ni kwamba mfereji wa uzi unabaki wazi kama mtaro, unaweza kulaza mrija wa PTFE ndani kabla hujafunga. Mrija ni uleule unaoingiza plastiki kwenye printa yako, wenye tundu la milimita 2 na unene wa nje wa milimita 4.

Usiuone mrija huo kama pambo. Kidole kikijikunja kabisa, uzi umepinda jumla ya digrii 250. Uzi unaoburuzwa kwenye kona hupoteza nguvu kwa kuzidisha, haupotezi kwa kujumlisha. Ukiwa na msuguano wa 0.2, ambao si wa ajabu kwa uzi juu ya plastiki yenye mikwaruzo ya tabaka, servo lazima ivute mara 2.4 ya nguvu inayofika nchani. Ukishusha msuguano hadi 0.1 inakuwa mara 1.5. Na msuguano huohuo ndio unaokikatalia kidole kurudi. Ulikuwa unalaumu mpira bure. Mahali ambapo uzi unakatiza kiungo chenyewe mrija uishie, na mdomo wa tundu uwe wa mviringo kama mdomo wa chungu, usiwe kona kali.

Uzi wako nao ubadilishe. Nenda pale feri asubuhi, uwaulize wavuvi wanaovuka kwenda Msanga Mkuu wakuonyeshe tofauti ya mshipi wa nailoni na uzi wa kusuka. Watakwambia nailoni inavutika, na kwao hiyo ni sifa, samaki akipiga ghafla mshipi haukatiki. Kwako ni hasara tupu. Uzi wako una kama sentimita 40 kutoka kapi hadi ncha. Ukivutika asilimia 5 tu, sentimita 2 zimepotea, na kidole kizima kilihitaji milimita 27. Servo inazunguka, kidole kinatazama. Tafuta uzi wa kusuka wa Spectra au Dyneema, ni jamii moja. Una ubaya wake. Unateleza, fundo la kawaida linafunguka lenyewe, na ukiachwa na mzigo hurefuka polepole. Wavuvi wana mafundo yanayoushika, waombe wakufundishe kwa mikono. Kisha ufunge uzi kwenye boriti, uning'inize dumu la lita 5 lililojaa maji, uuache usiku kucha. Urefu uliokuwa uongezeke wenyewe utaongezeka hapo, kabla hujaufunga kwenye kidole.

Servo za SG90 hapana. Moja inavuta kilo 1.8 kwenye mkono wa sentimita moja, tena hiyo ni nguvu ya kukwama, na hakuna mota ya kufanyia kazi pale inapokwama. Chukua theluthi. Kwenye kapi ya sentimita 0.9 unapata mkazo wa gramu 670 hivi, na kwenye ncha ya kidole kilichonyooka cha sentimita 9 zinabaki gramu 60, kabla msuguano haujachukua chake. Simu nyingi za kitochi unazofungua kila siku zina uzito kuliko hapo. Servo ya MG996R inavuta kilo 9.4 kwenye mkono huohuo kwa volti 4.8, kwa hesabu hiyohiyo unapata karibu gramu 300 nchani. Ni kubwa na ina kelele, ila iko kwenye kigasha, nafasi unayo. Ikikwama kwa volti 6 inakula ampea 2.5, kwa hiyo usithubutu kuzilisha tano kutoka kwenye bodi ya Arduino wala kwenye chaja ya simu. Betri ya pikipiki na kishushio cha volti, waya hasi za servo na bodi ziunganishwe pamoja. Mengine ya umeme unayajua kuliko mimi.

Tano zinatosha mkono mzima ukizigawa kwa akili. Kidole gumba kipewe mbili, cha shahada moja, cha kati moja, na cha pete na cha mwisho wagawane moja. Mgawanyo wenyewe uwe wa mzega: kijiti kifupi kinachovutwa katikati, kila ncha ya kijiti ikiwa na uzi wa kidole kimoja. Kidole cha pete kikigota kwenye kitu, kijiti kinainama na cha mwisho kinaendelea kukunja. Mkono unaonekana kama unafikiri, kumbe ni mti wa kubebea madumu.

Sasa shida yako ya nne, ya kutofanana na mtu, ambayo kwangu ndiyo ya kwanza. Mkono wangu wa mwanzo nilimwonyesha mzee mmoja wa Kimakonde anayechonga vinyago vya mpingo. Hakuuliza habari za mota. Aliugeuzageuza, akaniuliza, "Huyu amekufa au ameshtuka?" Vidole vyote vilikuwa vimenyooka kama reki.

Laza mkono wako mezani, kiganja juu, uusahau kidogo. Hakuna kidole kilichonyooka. Cha shahada kimepinda kidogo, cha kati zaidi, cha pete zaidi, cha mwisho kuliko vyote, ni ngazi inayoshuka. Wachongaji wanaijua ngazi hiyo kwa mikono yao. Wewe iweke kwenye vizuizi vya mgongoni. Kila kiungo kiwe na mdomo wa plastiki unaogota na kukataa kunyooka zaidi, na pembe ya kugota itofautiane kidole kwa kidole. Mpira ukirudisha, kidole kirudi kwenye pembe hiyo. Konzi ya shahada iachie digrii 15, ya mwisho 30, kisha urekebishe kwa jicho. Siku utakayoona mkono uliozimwa umelala mezani na mtu akasita kuugusa, umefika.

Kosa lingine, hili naliona kwenye mikono mingi ya kuchapa, ni kuweka konzi mahali kidole kinapoachana na mwenzake. Tazama kiganja chako. Kidole kinaonekana kuanzia kwenye utando kati ya vidole. Geuza mkono, kunja ngumi. Konzi iko nyuma zaidi, ndani ya kiganja kabisa. Utando unaangukia karibu na katikati ya pingili ya kwanza. Ukiweka bawaba kwenye utando, pingili ya kwanza inakuwa fupi, kiganja kinakuwa kirefu, na mkono unafanana na glavu iliyojazwa pamba. Pima pingili zako kwa upande wa mgongo, kutoka kichwa cha konzi hadi kichwa cha kiungo kinachofuata, ngumi ikiwa imekunjwa.

Pia vidole havikunji sambamba. Kunja kimoja kimoja hadi kiguse kiganja: kila ncha inaelekea sehemu moja, chini ya kidole gumba karibu na kifundo cha mkono. Kwa hiyo pini za konzi zisipangwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Zipange kwenye tao, kila moja ikigeuka digrii chache kumtazama jirani yake. Na kiganja chenyewe si ubao. Mifupa ya kiganja inayobeba kidole cha shahada na cha kati karibu haitikisiki, ila wa kidole cha pete unasogea kidogo, na wa kidole cha mwisho unasogea zaidi. Ndiyo sababu unaweza kukinga maji. Kipande cha kiganja cha upande wa kidole cha mwisho kichape peke yake, ukiunge na kingine kwa ukanda wa TPU, ile plastiki laini kama mpira. Ni kazi ya jioni moja, na hakuna badiliko jingine la bei hiyo linaloupa mkono uhai kiasi hicho.

Kidole gumba ndicho kitakachokula muda wako, na kinastahili. Madaktari wanaokadiria ulemavu huko Marekani hukihesabu kuwa asilimia 40 ya kazi ya mkono mzima. Ukucha wake hautazami upande wanaotazama wenzake, umegeuka karibu robo ya duara. Kiungo chake cha chini kina umbo la tandiko la farasi, kinakwenda mbele na nyuma na pia kukatiza kiganja. Usijaribu kuchapa tandiko. Weka pini moja iliyolala mshazari, isiwe sambamba na kiganja wala isisimame wima juu yake, na uitafute pembe kwa kufinyanga udongo wa mfinyanzi kwanza. Kidole gumba kikizunguka kwenye pini hiyo, ncha yake ikutane na ncha ya shahada na ya kati, nyama kwa nyama. Ikikutana na ubavu, geuza pini, ufinyange tena. Mimi hurudia mara sita saba.

Nimekuwa nikisema bawaba. Zipo njia nyingine, na najua utakutana nazo. Mwaka 2016, Zhe Xu na Emanuel Todorov wa Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani walionyesha mkono wenye mifupa iliyochapwa kwa kufuata mifupa halisi. Viungo havikuwa na pini hata moja. Mifupa ilishikwa kwa nyuzi imara zilizofanya kazi ya ligamenti, yaani kanda zinazounga mfupa na mfupa, mikanda ya kano ilikatwa kwenye mpira, na servo 10 zikavuta. Hadi leo sijaona mkono wa mashine unaojikunja kama mtu kuliko ule. Lakini kwa mtu aliye kwenye mwezi wa tatu wa kazi, huo ni mtihani wa kufungia mwaka. Ukiujaribu, kumbuka jambo moja. Kwenye kilima cha Tendaguru, hapa Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa ya mmoja mkubwa kati yao imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin. Tatizo la kusimamisha mifupa ya aina hiyo ni kwamba gegedu ilishaoza, na bila gegedu mfupa haukai sawasawa juu ya mwenzake. Mifupa ya kupakua intaneti nayo haina gegedu. Ukiigusanisha mitupu itasaga na kukwama, kwa hiyo acha nafasi ya milimita moja hivi ujaze tabaka la TPU. Kuna pia mkono wa InMoov wa Gaël Langevin, mchongaji Mfaransa, ambao michoro yake iko wazi kwa wote. Ule ni wa bawaba na uzi kama wako. Uchape hata kama hutautumia, utajifunza mengi kwa kuufungua.

Hali yetu ya hewa isikusahaulishe. PLA hulegea ikikaribia nyuzijoto 60. Niliwahi kuacha mkono kwenye dashibodi ya gari nikaingia kula samaki pale Mikindani, nikarudi kidole cha shahada kimelala kama mshumaa. Plastiki ya PETG huvumilia hadi karibu 80, sehemu zinazobeba mzigo zichape kwa hiyo. Usiache uzi umekazwa usiku kucha, maana PLA ikikaliwa na mzigo hupinda taratibu hata bila joto. Na unyevu wa bahari ni adui wa rola ya plastiki. Ukisikia plastiki inapasukapasuka kwenye nozeli kama karanga kikaangoni, imekunywa maji. Laza rola juu ya kitanda cha printa kikiwa nyuzijoto 50, funika kwa boksi, uache saa tano au sita, halafu uihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu.

Ngozi nitaipita haraka, kwa kuwa watu huikimbilia mapema. Ncha tu ndizo zinazohitaji mpira ili zishike. Silikoni ya madirisha inatosha, tabaka jembambajembamba, kila moja likauke kwanza. Ukivisha mkono mzima ngozi kabla viungo havijatulia, ngozi itakuwa mpira mwingine wa kurudishia ambao hukuuhesabu.

Sasa mtoto wa jirani. Huo unaotengeneza usimvalishe. Servo tano za MG996R peke yake ni gramu 275, bado betri, na mzigo unaoning'inia kwenye kigutu hulemea kuliko uzito uleule wa mkono wa kuzaliwa, kwa sababu unashikwa na ngozi. Ngozi ya kigutu cha mtoto huchubuka upesi, na anaweza asiseme. Inayomfaa ni aina nyingine kabisa, isiyo na umeme. Richard van As, seremala wa Johannesburg, alikatwa vidole na msumeno mwaka 2011, akashirikiana na Ivan Owen wa Marekani hadi wakapata mkono wa kuchapa unaofungwa kwa kukunja kifundo, nao wakauachia watu bure mwaka 2013. Mtandao wa watu wa kujitolea wa e-NABLE ulikua kutokana na kazi hiyo. Kwa hiyo muulize mama yake kwanza: mtoto amekatwa juu ya kifundo au chini yake? Kama kifundo kipo na kinakunja, na kipande cha kiganja kimebaki, printa yako inaweza kumsaidia. Kama amekatwa juu ya kifundo, mkono wa aina hiyo hauna cha kuuvuta, ingawa ipo michoro inayovutwa na kiwiko.

Vyovyote iwavyo, kikombe kinachokaa juu ya kigutu kipimwe na fundi wa viungo bandia aliyesomea. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha mafundi hao tangu 1981, kwa hiyo wapo. Ulizieni kwanza hospitali ya rufaa iliyo karibu nanyi. Nenda naye, uchukue printa yako na kalipa, umwambie fundi unachoweza kuchapa. Na mtoto mwulize rangi anayotaka. Anaweza asitake mkono unaofanana na wa mtu hata kidogo.